Jua la Igunga huanza na paa

Mwanzoni mwa Machi, na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua la mchana hupita utosini kabisa pa Igunga. Mji huu wa mkoa wa Tabora uko nyuzi nne na ushee tu kusini mwa Ikweta, na katika siku hizo chache, kati ya saa sita na nusu na saa saba, nguzo iliyosimama wima haina kivuli cha kujisitiri hata kuku. Machi angalau kuna mawingu ya msimu wa mvua. Oktoba hakuna kitu: mvua ilikatika siku nyingi, mabua yameshaliwa na ng'ombe, na anga imepauka kwa vumbi. Tarehe 2 Oktoba 2011, Igunga ilipopiga kura katika uchaguzi mdogo wa ubunge uliotikisa nchi nzima, jua lilikuwa pale pale juu ya vichwa vya wapiga kura na juu ya magari ya kampeni yaliyovishwa stika.

Stika ni shahidi mzuri wa kazi ya jua. Bandua yoyote iliyokaa mwaka mmoja na zaidi kwenye boneti ya gari jekundu. Chini yake utakuta wekundu ule ule wa kiwandani, na pembeni yake rangi ya waridi iliyochoka. Uchaguzi umepita, mgombea amesahaulika, lakini umbo la stika yake limebaki kwenye bati na halifutiki kwa sabuni. Gari halikuzeeka hapo palipozibwa. Pengine pote lilizeeka.

Wapo watakaosema rangi ya gari ni urembo, na kwamba mtu mwenye shida za maana hawezi kukaa akihangaika na mng'ao wa boneti. Anayesema hivyo hajakaa kando ya barabara ya T3 akatazama kinachopita. Malori yanayotoka Bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo hupita Dodoma, hupimwa kwenye mizani ya Njuki pale Singida, hushuka Sekenke taratibu, hukatiza mbuga ya Wembere na kuingia Igunga, kisha Nzega, Isaka, Kahama na kuelekea mpakani. Ulaya na Marekani watu wana magari-nyumba, yenye kitanda na jiko, ambayo wastaafu huyaendesha kwenda kupumzika. Gari-nyumba la kwetu ni kabini ya semi. Nyuma ya kiti kuna godoro, chini kuna ndoo na jiko dogo la gesi, kwenye msumari kuna shati la kubadilisha. Dereva na utingo wake huishi humo safari nzima, na mwaka mzima ni safari. Paa la kabini likianza kuvuja Novemba, hilo si suala la urembo.

Na paa halivuji ghafla. Linaanza kwa rangi.

Bati la gari la kisasa limevikwa tabaka kadhaa. Chini kabisa kuna praima inayoshika bati na kulikinga na kutu, juu yake rangi yenyewe, na juu ya rangi ule ung'avu usio na rangi ambao mafundi wanauita klia. Zote kwa pamoja ni maikroni 100 hadi 150 hivi. Klia peke yake ni kama maikroni 40, yaani nyembamba kuliko karatasi ya gazeti unalosoma. Ndani ya klia kiwandani huwekwa dawa ya kumeza miali ya urujuanimno kabla haijaifikia rangi. Dawa hiyo huisha. Ikishaisha, miali hukata viungo vinavyoishikilia klia, hewa na maji hupenya, na siku moja unaona doa jeupe lisilotoka kwa kuosha. Mwezi mwingine limekuwa doa pana lenye kingo zinazobanduka. Hapo hakuna polishi duniani itakayorudisha kitu, kwa sababu kilichoondoka hakipo tena cha kung'arishwa.

Malori ya zamani hayakuwa hivyo. Zile Scania zilizounganishwa na kiwanda cha TAMCO kule Kibaha na Land Rover za idara za serikali zilipakwa rangi ya mafuta isiyo na klia. Hizo zilikuwa zikichoka zinatoa unga: unapitisha kiganja mlangoni, kinarudi cheupe au cha kijani. Lakini chini ya unga kulikuwa na rangi nzima, na mtu mwenye polishi ya kukwaruza na mikono yenye nguvu aliweza kuifufua. Kujua gari lako ni la aina gani ni rahisi. Chukua tambara jeupe, tia polishi kidogo, sugua mahali pasipoonekana. Tambara likishika rangi ya gari, huna klia, na una nafasi ya kusugua. Likibaki safi au likashika uchafu tu, una klia, na kila unaposugua kwa nguvu unaipunguza ile klia iliyokuwa nyembamba tangu mwanzo.

Igunga ina mambo mengine mawili yanayozidisha. Kwanza mwinuko. Mji uko mita elfu moja na zaidi juu ya usawa wa bahari, na miali ya urujuanimno huongezeka kwa takribani asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, kwa kuwa hewa ya kuichuja imepungua. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani huiita miali mikali kupita kiasi inapofika 11. Katika nyanda za juu za tropiki namba hiyo hufikiwa na kuvukwa mchana wa siku za kawaida. Pili ni vumbi. Nchi hii imekaa juu ya miamba mikongwe ya matale, na matale yakimomonyoka huacha chembe za kwazi ambazo ni ngumu kuliko klia ya gari lolote. Gari likitoka barabara ya vumbi kutoka vijijini limejaa hizo chembe. Mtu akija na tambara kavu kulifuta ili lipendeze kabla ya harusi, hapo anapiga msasa.

Lakini nirudi kwenye paa, maana ndiko tunakokosea. Jua la utosini halina habari na milango. Milango hupata jua la asubuhi na la jioni, lililolala. Paa na boneti hupata lile la saa sita, na ndizo zinazokufa kwanza. Sasa tazama watu wanavyoosha gari stendi. Wanasugua milango, wanang'arisha rimu, wanazipaka tairi dawa nyeusi hadi zinametameta, na kioo cha mbele kinafutwa mara tatu. Paa la Hiace linapata ndoo moja ya kurusha. Paa la semi halipati hata hiyo, kwa kuwa hakuna anayelifikia bila ngazi na abiria hawalioni. Mwenye gari anasifiwa kwa gari safi wakati juu yake kuna kinyesi cha ndege cha wiki mbili.

Watu wa misafara walilijua jua hili kuliko sisi. Njia kuu ya Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita kusini ya hapa, Unyanyembe, ambako Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, karibu na Tabora ya leo, Novemba 1857. Burton ameeleza mwendo wa msafara ulivyokuwa: unaanza alfajiri, na kabla jua halijapanda kabisa wapagazi wameshatua mizigo. Hawakuwa wavivu. Pembe ya ndovu ikiachwa juani hupasuka, na pembe iliyopasuka haina bei Zanzibar. Upande huu wa kaskazini, mapema mwaka 1875, Henry Morton Stanley alipita akielekea Ziwa Victoria na mashua yake Lady Alice, ya mbao za mwerezi, iliyokuwa imekatwa vipande na kubebwa mabegani. Ilivuka Wembere hivyo, hadi Kagehyi, ambako iliunganishwa upya na kushushwa ziwani Machi 8. Ni chombo chenye kazi ya bodi kilichopita katika nchi hii kikibebwa na watu.

Sisi leo hatutui saa nne. Tunaegesha saa nne, juani, na kurudi saa kumi.

Kivuli ndicho kinga ya kwanza na ya bei nafuu kuliko zote, ila kivuli chenyewe kina masharti. Mkoa wa Tabora una miembe mikubwa, urithi wa zama za misafara, na dereva yeyote mgeni huifurahia. Egesha chini yake msimu wa maembe uone. Utomvu wa embe ni mkali kiasi cha kuunguza ganda la embe lenyewe, ndiyo maana wachumaji hulichuma na kikonyo chake. Ukidondokea klia yenye moto na kukauka, unaacha alama. Halafu kuna matone madogo ya kunata yanayofunika kioo asubuhi: hayo ni kazi ya wadudu wanaofyonza majani, na ukiyaacha huota ukungu mweusi. Juu ya yote hayo kuna popo. Mwarobaini ni afadhali. Hauna utomvu wa kudondoka ovyo, majani yake ni mengi hata kiangazi, ingawa matunda yake yakiiva ndege hukusanyika, na ndege wana adabu zao.

Kinyesi cha ndege kinadharauliwa sana. Madhara yake hayatokani na ukali wake tu. Bati likipata moto, klia hulainika na kutanuka. Jioni ikipoa hujikunja, na inajikunjia kwenye kile kigumu kilichokaukia juu yake, ikichukua umbo lake. Kesho yake unaosha, uchafu unatoka, shimo linabaki. Dawa ni kukiondoa siku hiyo hiyo, kabla ya usiku: weka tambara lililolowa maji juu yake, liache dakika kadhaa, kisha inua bila kusugua. Kukikwangua kwa kucha ni kukiongezea kazi.

Baada ya kivuli huja nta, na hapa mtu wa Tabora ana haki ya kuuliza swali. Mkoa huu ndio nyumbani kwa asali ya Tanzania. Sikonge na Urambo zina mizinga kwenye miombo, Chuo cha Ufugaji Nyuki kiko Tabora mjini, na nta ya hapa ilikuwa bidhaa ya kuuzwa nje tangu enzi za ukoloni. Kwa nini basi tununue kikopo cha nta kutoka ng'ambo? Jibu liko kwenye kipimajoto. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64. Paa jeusi lililokaa juani Igunga mwezi wa Oktoba linaweza kupita 70. Ukilipaka nta ya nyuki peke yake, mchana inalainika, inanasa vumbi, na jioni inagandia pamoja na vumbi lake. Nta iliyomo kwenye vikopo vizuri inatoka kwenye majani ya mti wa carnauba, unaoota kaskazini mashariki mwa Brazil, nchi kame yenye jua linalofanana na letu. Mti ule huitoa ili majani yasikauke, na nta yake haiyeyuki hadi nyuzi 82 na zaidi. Kwa hiyo si kasumba ya kupenda vya wageni.

Nta ya nyuki ina kazi yake nyingine, na ni kazi kubwa katika wilaya ya pamba. Turubai la kitambaa likipakwa nta iliyoyeyushwa pamoja na mafuta ya kitani, likaachwa likauke vizuri kivulini, hurudisha uwezo wake wa kuzuia maji. Mabaharia walifanya hivyo kabla ya plastiki kuwepo. Turubai la plastiki halitaki nta. Lenyewe huharibika kwa namna nyingine, jua likikausha vilainishi vyake hadi linakatika kwenye mikunjo. Tazama mikunjo, usitazame katikati. Marobota ya pamba yakilowa, hasara yake itanunua maturubai mengi.

Nta ya gari, katika jua hili, ni ya wiki chache. Hizo za kutengenezwa maabara hukaa miezi. Kuna pia ile kinga ya silika wanayoiuza Dar es Salaam kwa bei ya kutoa machozi, ikisemwa inageuza rangi kuwa kioo. Ni nzuri kwa gari linalolala gereji. Kwa Noah ya biashara inayokwenda Choma cha Nkola na kurudi kila siku, nisingemshauri mtu. Vumbi la kwazi litaikwaruza pia, na fedha hiyo ingejenga banda la mabati ambalo lingekinga magari mawili kwa miaka.

Kuosha. Hapa maneno ni machache kwa sababu yote yanajulikana na hayafanywi. Sabuni ya unga ni ya nguo; inachuna nta yote uliyoipaka Jumamosi. Anza na maji matupu mengi ili chembe zitoke kabla kitu chochote hakijagusa bodi. Anza juu, paani, ushuke. Sehemu za chini za milango na madigadi ziwe za mwisho, na tambara lake liwe jingine. Ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia tambara. Tambara lililoanguka chini limeshastaafu kazi ya gari. Usioshe saa saba juani, maana maji yanakauka kabla hujayafuta na kuacha chumvi zake. Watu husema matone ya maji hukusanya jua na kuunguza rangi. Si kweli, ni hizo chumvi. Na maji ya visima vingi vya ukanda huu ni magumu. Maji ya Ziwa Victoria, yaliyofika Igunga kwa ule mradi mkubwa wa Tabora, Igunga na Nzega, ni laini na huacha madoa machache sana. Ukiwa na hiari, suuza kwa hayo.

Kuna tabia moja ya kufuta bodi kwa dizeli au mafuta ya taa ili ing'ae. Inang'aa kweli, kwa saa mbili. Kisha vumbi lote la Nzega linakaa juu yake, raba za milango zinavimba, na klia inalainika. Kwenye chesisi fanya utakavyo. Kwenye rangi, hapana. Nalo kava la gari, lile la kitambaa, livishwe gari lililooshwa tu. Likivishwa gari lenye vumbi, upepo wa Agosti utalifanya lisugue usiku kucha.

Masika yana lake. Udongo mweusi wa mbuga hunata kwenye madigadi ya ndani, hukaa na unyevu siku kadhaa, na kutu huanza upande usioonekana. Pitisha mpira wa maji humo hadi maji yatoke safi.

Ikiwa klia imeshabanduka, kazi imehamia kwa fundi rangi, na hapo usibishane na hatua zake, bishana na haraka yake. Fundi mzuri wa chini ya mti anajua kumwagia ardhi maji ili vumbi litulie, na kupiga rangi alfajiri kabla upepo haujaamka. Anaondoa klia ya zamani hadi kwenye kingo zilizoshika, anasugua kwa msasa wa maji, anapiga praima pale bati lilipoonekana. Anayemwaga klia mpya juu ya ile inayobanduka amekuuzia miezi michache. Na klia si moja: ya bei ya chini kabisa mara nyingi haina dawa ya kutosha ya kumeza miali, na ndiyo inayochubuka mapema. Nunua mwenyewe, ukiwa na fundi pembeni.

Vitu vingine vinavyoliwa na jua havihusiani na rangi, ila vinaua. Taa za mbele za magari ya siku hizi ni za plastiki, hugeuka njano na mwanga kupungua. Kuzisugua kwa dawa ya meno kunasaidia kwa muda mfupi, kwani ile kinga yake ya juu imeshatoka. Vibandiko vya kuakisi mwanga nyuma ya tela hufifia taratibu kiasi kwamba mwenye gari hajui. Vikague usiku, kwa tochi, ukiwa hatua hamsini nyuma. Lori bovu lililosimama gizani kwenye mteremko wa Sekenke, lenye vibandiko vilivyokufa, halionekani hadi umelifikia.

Halmashauri nazo zingesaidia. Maeneo mengi ya kuegesha malori kando ya barabara hii ni uwanja mtupu wa kokoto. Safu mbili za mwarobaini hazihitaji mkandarasi wala mkopo, na baada ya miaka mitano zingekuwa na kivuli.

Na kama unakwenda kununua gari la mkononi, iwe Igunga, Nzega au Tabora mjini, muuzaji atakuonyesha injini, atakuwashia redio, atakufungulia milango yote. Muombe ngazi. Akisema hana, panda kwenye tairi utazame paa, na bei yako itokane na utakachokiona huko.